Kabla hujahamia mkoani, hesabu milango ya riziki

Tangu Juni 2024, treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, kuhama Dar kumeacha kuwa jambo la wastaafu peke yao. Morogoro sasa ni mwendo wa takribani saa mbili kwa reli, na Dodoma ni saa tatu na nusu hadi nne. Familia ambazo zamani zingeona kuhamia mkoani ni kujitenga, leo zinakaa jioni na karatasi na kalamu: kodi ya hapa, kodi ya kule, ada, nauli, kiwanja.

Ushauri wanaoupata huwa wa aina mbili. Mpenda mkoani atawaambia hewa ni safi, nyanya ni rahisi na jirani anakujua kwa jina. Mpenda Dar atawaambia mkoani hakuna hela. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeshaziumiza familia nyingi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa nikichambua bajeti za kaya, zikiwamo za waliohama, na ninachokiona ni hiki: mji mdogo ni mahali pazuri pa kutumia pesa, lakini ni mahali pagumu pa kuitafuta upya ukishaipoteza. Kwa hiyo kodi ya nyumba isiwe swali la kwanza. La kwanza ni hili: ukihama, utabaki na milango mingapi ya riziki?

Kinachopungua na kisichopungua

Tuanze na ukubwa wa miji yenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179, na Manispaa ya Morogoro watu 471,409. Tofauti ni kubwa, lakini miji hii haijasimama. Dodoma ilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012, kwa hiyo katika miaka kumi imekaribia kuwa mara mbili. Anayehamia huko leo akiwa na bei za zamani kichwani atashangaa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini ni baada ya Septemba 2016, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipohamia na wizara zikamfuata, ndipo maelfu ya watumishi walipoanza kugombea nyumba zilezile. Kodi ikapanda. Nafuu ya mji mdogo hudumu pale tu wapangaji hawajawa wengi kuliko vyumba.

Sasa tuingie ndani ya bajeti, kifungu kwa kifungu, maana nafuu haigusi kila kitu.

Kodi ya nyumba kwa kawaida hushuka, tena nyumba unayoipata huwa na uwanja. Nauli ya kila siku hushuka pia, kwa sababu umbali ni mfupi. Bei ya umeme haibadiliki, kwani viwango vya TANESCO ni vilevile nchi nzima. Mafuta ya gari huelekea kupanda kadiri unavyokwenda mbali na bandari. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila mji, na gharama ya kusafirisha mafuta kutoka Dar, Tanga au Mtwara imo ndani ya bei hiyo. Maji hutegemea mamlaka ya mji husika na hali ya vyanzo vyake.

Chakula ndicho kinachowadanganya wengi. Morogoro ina milima ya Uluguru mgongoni, mboga za Mgeta na mchele wa bonde la Kilombero, kwa hiyo sokoni utaona nafuu ya kweli. Dodoma ni nchi kavu. Inatoa zabibu, mtama na alizeti, lakini sehemu kubwa ya mboga na matunda yake husafiri kutoka mikoa mingine, na anayenunua ndiye anayelipia safari hiyo. Bidhaa za dukani zinafuata mkondo wa kinyume: nguo, vyombo, vipuri na vifaa vya umeme vingi hutoka Kariakoo, vikapakiwa kwenye basi au lori, na bei ikaongezeka njiani. Usiseme tu kwamba mkoani maisha ni rahisi. Taja mji, kisha taja kinacholimwa karibu nao.

Kuna kifungu ambacho hakiandikwi kwenye bajeti, nacho ni muda. Mtu anayeishi Chanika au Bunju na kufanya kazi Posta anaweza kuacha saa tatu au zaidi barabarani kila siku, hata baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016, kwa sababu si kila njia inafikiwa nayo. Tuseme kwa kuhama anaokoa saa tatu kwa siku, siku 22 za kazi kwa mwezi. Hizo ni saa 66. Sheria ya ajira inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, kwa hiyo mtu huyu anarudishiwa karibu wiki moja na nusu ya kazi kila mwezi. Mzazi anayefika nyumbani watoto wakiwa macho, akakagua madaftari na kula nao, amepata kitu ambacho nyongeza ya mshahara haikinunui. Kati ya faida zote za mji mdogo, naiona hii kuwa kubwa kuliko zote.

Milango ya riziki

Upande wa pili wa mizani unahitaji subira zaidi. Mwaka 1970 wachumi John Harris na Michael Todaro, waliokuwa wamefanya utafiti Kenya, walichapisha hoja iliyobaki kwenye vitabu vya uchumi hadi leo. Walisema anayehamia mjini hatazami mshahara peke yake, hutazama mshahara pamoja na uwezekano wa kuupata. Ndiyo maana watu waliendelea kumiminika mijini hata kazi zilipokuwa haba: mshahara ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hata nafasi ndogo ya kuupata ilivutia.

Anayetoka Dar kwenda mkoani anatakiwa kuisoma hoja hiyo kutoka upande wa pili. Kazi uliyonayo leo unaijua. Je, ukiipoteza, katika mji ule kuna waajiri wangapi wanaohitaji ujuzi wako? Mhasibu wa kampuni binafsi akiachishwa kazi Dar ana mamia ya ofisi za kupeleka barua. Katika mji wa watu laki mbili au tatu huenda waajiri wa aina hiyo ni wa kuhesabika kwa vidole, tena wanajuana, na ukigombana na mmoja wengine wamesikia kabla ya Ijumaa.

Kwa kaya yenye vipato viwili hatari huongezeka, kwa sababu mara nyingi huhama kwa ajili ya kazi ya mmoja. Chukua mfano wa hesabu. Mume anapata shilingi 1,000,000 kwa mwezi mkononi, mke anapata 800,000 kwenye ofisi binafsi Dar. Mume anahamishiwa mkoani kwa mshahara uleule. Kodi inashuka kutoka 350,000 hadi 200,000, nauli kutoka 160,000 hadi 60,000, na chakula kinapungua kwa 80,000. Jumla wameokoa 330,000 kila mwezi, na kwenye karatasi wanafurahi. Lakini mke akikosa kazi ya fani yake na kuanza biashara ndogo inayomwingizia 300,000, kaya imepoteza 500,000 za kipato. Ukitoa walichookoa, wako nyuma kwa shilingi 170,000 kila mwezi, kabla hawajalipa nauli ya kwenda Dar kuwaona wazazi.

Sasa chukua kaya nyingine yenye vipato vilevile, lakini wote wawili ni walimu wa shule za serikali, na wote wamepata uhamisho. Mishahara ya watumishi wa umma hufuata ngazi za taifa: mwalimu wa daraja fulani hulipwa sawa akiwa Temeke au Iringa. Zile 330,000 zinabaki zote mfukoni, na kwa mwaka zinafika 3,960,000. Miji ni ileile na bei ni zilezile, ila familia moja inarudi nyuma na nyingine inajenga. Tofauti yao ni mlango wa pili wa riziki: kwa walimu ulibaki wazi, kwa yule mke ulifungwa.

Ndiyo maana nauona ule uhamisho wa wizara kwenda Dodoma kwa jicho la watu wawili. Mtumishi alikuwa na kituo kipya na kazi yake ilimfuata. Mwenza wake aliyekuwa na duka Sinza au ajira kwenye kampuni binafsi hakuwa na cha kumfuata. Zipo familia nyingi ambazo mmoja anaishi Dodoma kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na mwingine amebaki Dar na watoto. Wanalipa kodi mbili na majiko mawili, na mzazi mmoja anawajua wanawe kwa simu. Gharama hiyo haionekani kwenye ripoti yoyote ya uhamisho, lakini ipo, na wanaoilipa ni watoto.

Je, treni inaweza kuiunganisha miji miwili ikawa kama mmoja? Hesabu yake ni fupi. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwenda Morogoro na 31,000 kwenda Dodoma. Kwenda Dar na kurudi Morogoro ni 26,000, na kwa siku 22 ni 572,000, bado hujalipa bajaji ya kukufikisha kituoni. Hiyo haiwezekani kwa mshahara wa kawaida. Lakini mwenye kazi inayomruhusu kufika ofisini mara mbili kwa wiki atalipa 208,000 kwa mwezi, na akiokoa 330,000 nyumbani bado amebaki na kitu. Treni imewasaidia zaidi wenye kazi za aina hiyo, na wafanyabiashara wanaofuata mzigo Kariakoo. Mfanyakazi wa kila siku bado anapaswa kuchagua mji mmoja.

Kuna hatari nyingine ambayo vijana hawaikumbuki: mji mdogo unaoegemea nguzo moja. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na Tanga ndiyo ilikuwa moyo wa zao hilo. Nyuzi za plastiki zikavunja soko, mashamba mengi yakataifishwa na kusimamiwa vibaya, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takribani tani 20,000. Waliokuwa na mshahara wa mkonge walipoteza kazi, kisha aliyewauzia nyama naye akakosa wateja, kisha mwenye nyumba akakosa wapangaji. Dar iliumia pia na hali ya uchumi ya miaka hiyo, lakini ilikuwa na bandari, ofisi na biashara nyingine za kuegemea. Leo Tanga inainuka tena kwa bandari iliyoboreshwa na bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, na nafurahia hilo. Lakini anayehamia mji wowote aulize: nguzo hii ikianguka, mji huu utakula nini?

Katika mizani hii kuna pia ushahidi mzuri kwa upande wa miji midogo. Utafiti wa kaya za Kagera ulioanza mwaka 1991 uliwafuata watu walewale hadi 2010, popote walipohamia. Wachumi waliochambua takwimu zake waligundua kwamba karibu nusu ya walioondokana na umaskini walifanya hivyo kwa kuingia kwenye shughuli zisizo za kilimo vijijini au kwa kuhamia miji midogo, na mmoja tu kati ya saba alipitia jiji kubwa. Wale wachache waliofika jiji kubwa ndio waliopanda kwa kasi zaidi. Jiji kubwa linawalipa wachache vizuri sana, mji mdogo unawainua wengi kwa kiasi. Hao wa Kagera walikuwa wakitoka shambani, si Dar, lakini funzo linatufaa: ukienda mkoani tarajia kipato tulivu, si cha kuruka.

Hata hivyo, fundi wa majokofu, mtaalamu wa meno, mtengeneza keki za harusi na mfunga mifumo ya umeme wa jua wana nafasi yao huko. Hawa Dar wanashindana na mamia. Mkoani huenda wakawa wa kwanza au wa pili, na jina jema huenea haraka mahali watu wanapojuana. Kwa mwenye ujuzi ambao mji unauhitaji na hauna, udogo wa mji ni faida kamili.

Ugonjwa, maji na ardhi

Wengi huhama wakiwa na afya njema, na huitazama hospitali kama jengo la kupita tu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili zote ziko Dar. Hata hivyo miji ya mikoani haifanani. Moshi ina KCMC, Mwanza ina Bugando, Mbeya ina hospitali yake ya rufaa ya kanda, na Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa ambayo mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani asiulize kama mji una hospitali. Aulize kama mji una daktari wa ugonjwa ule, siku ngapi kwa wiki, na bima yake inapokelewa wapi. Akihamia mji usio na huduma hiyo, kila kliniki itakuwa safari, nauli na usiku wa kulala kwa ndugu.

Maji nayo yanataka uchunguzi wa macho. Dodoma kwa miaka mingi imetegemea visima vya bonde la Makutupora, na mji umekua kwa kasi kuliko visima. Mgao unajulikana mtaani, na nyumba isiyo na tangi kubwa ni mtihani. Usikague nyumba wakati wa masika. Nenda Septemba au Oktoba, fungua bomba, kisha muulize mpangaji wa nyumba ya jirani, si dalali, maji hutoka siku gani.

Halafu ardhi, ambako akiba za maisha hupotea kwa saini moja. Kinachowavuta watu wengi mkoani ni kiwanja, nami naielewa hamu hiyo, kwa sababu bei ya kiwanja kidogo cha Dar hununua eneo pana kwingineko. Lakini mgeni ndiye anayeuziwa kwa urahisi eneo ambalo halijapimwa, au kiwanja chenye wamiliki wawili, kwa kuwa hana wa kumuuliza. Dodoma imekuwa na migogoro ya viwanja kwa muda mrefu, na mawaziri wa ardhi wamekwenda kuisikiliza mara kwa mara. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa haikufanyi mmiliki wa kiwanja kilichopimwa. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, ona jina lililo kwenye hati, kisha zungumza na majirani wa mipaka yote. Na kwanza panga. Mwaka mmoja wa kupanga utakuonyesha mtaa gani hujaa maji, upepo na vumbi vinapiga wapi, na kama kazi imeshika.

Nani aende, nani asubiri

Ndugu nao wamo kwenye hesabu. Nyumba ya Dar ndiyo hupokea wagonjwa wa rufaa wa ukoo na vijana waliokuja kutafuta kazi. Ukihama, mzigo huo hauyeyuki, bali unahamia kwa ndugu aliyebaki, na ni uungwana kuzungumza naye kabla ya kufunga mizigo. Kwa upande mwingine, anayehamia karibu na wazazi waliozeeka anaweza kuwahudumia kwa mikono yake badala ya kutuma fedha na wasiwasi, na sijui jambo hilo niliwekee bei gani.

Baada ya kupima yote, ushauri wangu ni huu. Wanaofaa kwenda ni watumishi wa umma ambao wenza wao nao wamepata uhamisho, wastaafu wenye pensheni wasiohitaji kliniki za Dar, wenye kazi zinazofanyika kwa kompyuta na kufika ofisini mara chache, na mafundi na wataalamu ambao mji husika hauna. Wanaofaa kusubiri ni waajiriwa wa sekta binafsi ambao fani yao ina mwajiri mmoja au wawili mkoani, na kaya ambazo kipato cha mmoja kitakatika bila mpango. Vijana wanaoanza kazi nawashauri wakae Dar kwanza kama wanaweza kuuvumilia ugumu wake, wajenge ujuzi na mtandao wa watu, kisha waende mkoani wakiwa na kitu cha kupeleka.

Na mpangilio una maana. Thibitisha kipato kwanza, cha mume na cha mke. Kisha shule na hospitali. Kisha panga nyumba. Kiwanja kije mwisho. Familia nyingi zilizoumia zilianzia kwenye kiwanja.

Serikali na halmashauri nazo zina wajibu hapa. Reli na ofisi za umma zimeonyesha kwamba watu wako tayari kutoka Dar wakipewa sababu. Lakini mji hauwezi kuishi kwa mshahara wa serikali peke yake. Unahitaji viwanda vya kusindika kinacholimwa jirani, vyuo vinavyofundisha kazi za mji huo, viwanja vilivyopimwa kabla ya watu kujenga, na waajiri wengi wadogo badala ya mmoja mkubwa. Pia, kila uamuzi wa kumhamisha mtumishi uanze na swali kuhusu kazi ya mwenza wake. Mji utakaowapa mume na mke wote wawili riziki hautahitaji kubembeleza mtu kuhamia, na sisi wengine tutaacha kuuliza kama mkoani kuna hela.